PROOF ya Companies House: kufuli la bure, na ufunguo uliozagaa kwenye WhatsApp

Mimi ni mhasibu, ofisi yangu ni chumba kimoja eneo la Uhindini jijini Mbeya, na miongoni mwa kampuni ninazozitunzia nyaraka zimo mbili za ukoo wetu wenyewe. Ya kwanza imesajiliwa hapa nchini na hufungasha kahawa iliyokaangwa ya Mbozi pamoja na majani ya chai ya Rungwe. Ya pili imesajiliwa Uingereza, nayo ndiyo huzipokea bidhaa hizo na kuziuza kwa maduka ya Waafrika Mashariki mjini Leicester, alikohamia mpwa wangu. Wakurugenzi wa hiyo ya pili ni wawili tu, yeye na mimi, na kwa kuwa yeye hushinda ghalani na barabarani, kazi ya kuwasilisha taarifa kwa Msajili wa Makampuni wa huko imeniangukia mimi niliye mbali. Ni katika kazi hiyo ndipo nilipoifahamu huduma ninayoitathmini hapa, inayoitwa PROOF (kifupi cha Protected Online Filing, yaani uwasilishaji wa mtandaoni uliolindwa), ambayo Companies House, ofisi ya usajili wa makampuni yenye makao makuu Cardiff, huitoa kwa kampuni yoyote inayotaka mabadiliko yake muhimu yapokelewe kwa njia ya mtandao pekee na si kwa karatasi.

Wizi unaokusudiwa kuzuiwa na huduma hii hauhitaji kuvunja mlango wala kuiba nywila, na wengi ninaowaeleza hapa Mbeya hutikisa kichwa kwa kutoamini. Daftari la makampuni la Uingereza, lenye kampuni zaidi ya milioni 5, liko wazi kwa kila mtu. Tangu Juni 2015 yeyote mwenye intaneti, awe London au Tukuyu, husoma bila malipo jina la kampuni, anwani ya ofisi yake iliyosajiliwa, majina ya wakurugenzi pamoja na mwezi na mwaka wa kuzaliwa kwao, hesabu zilizowasilishwa, na nakala za fomu zilizotangulia, ambazo zile za zamani za karatasi hubeba hata saini. Uwazi huo una faida kubwa kwa wafanyabiashara, lakini humpa tapeli naye kila anachohitaji ili ajaze fomu kwa jina la mtu mwingine. Kwa miaka mingi sheria ya huko ilimtaka msajili aipokee fomu iliyojazwa inavyotakiwa na kuiingiza daftarini. Haikumpa mamlaka ya kuchunguza kama aliyetia saini ndiye mwenyewe.

Kwa hiyo tapeli huanza na fomu ya kubadili anwani ya ofisi, ile iitwayo AD01. Huandika jina na namba ya kampuni ya watu, huandika anwani mpya ya chumba alichokikodi kwa miezi miwili, huiga saini, na kuitia bahasha posta. Anwani ikishabadilika daftarini, barua zote rasmi za kampuni humfuata yeye, na miongoni mwa barua hizo imo ile inayobeba namba ya siri ya kuwasilishia taarifa mtandaoni, kwa sababu namba hiyo, ikiombwa upya, hutumwa kwa posta kwenye ofisi iliyosajiliwa. Baada ya hapo anaweza kujiteua mkurugenzi na kuwaondoa wenye mali mmoja baada ya mwingine, wao wakiendelea kufungua duka kila asubuhi bila habari. Kinachofuata ni kuagiza bidhaa kwa mali kauli. Msambazaji hulifungua daftari, huona kampuni yenye umri wa miaka 10, hesabu safi na anwani inayolingana na ile iliyo kwenye oda, hupakia mzigo, na mwezi unapokwisha ankara humwangukia mtu ambaye hajawahi hata kuuona mzigo wenyewe.

Nilipomsimulia jambo hili mzee mmoja wa Mwanjelwa anayewapa wenzake magunia ya mchele kwa mali kauli tangu kabla sijamaliza shule, aliniuliza inawezekanaje mtu ampe mzigo mtu asiyemfahamu sura wala ukoo. Swali lake ni la haki, na jibu lake ndilo linaloeleza kwa nini huduma ya namna hii ilianzia kule na wala haikuanzia kwetu. Mwanjelwa mkopeshaji huitazama sura, humkumbuka baba, hujua shamba liko upande gani wa Uyole. Kule wanaouziana hawajawahi kuonana, na daftari la msajili ndilo linalosimama mahali pa sura. Anayelichafua daftari huwa ameiba sura ya kampuni, na hilo ni kubwa kuliko kuiba gari lake.

Kujiunga na PROOF ni rahisi kuliko nilivyotarajia. Kampuni huwa na akaunti katika WebFiling, mfumo wa Companies House wa kuwasilishia taarifa mtandaoni, na ili kuifungua unahitaji namba ya usajili pamoja na ile namba ya siri, yenye herufi na tarakimu 6, ambayo kisheria husimama mahali pa saini ya ofisa wa kampuni. Bahasha yetu ilifika Leicester baada ya siku kadhaa, na namba ilipokuwa mkononi mwangu niliingia, nikachagua PROOF, nikasoma masharti, nikakubali. Kazi yote haikuzidi robo saa, na umeme ulikuwapo. Hakuna ada ya kujiunga wala ya mwaka. Kuanzia hapo, fomu za karatasi za kubadili anwani ya ofisi, za kuteua au kuondoa wakurugenzi na makatibu, na za kubadili taarifa zao binafsi hazipokelewi kwa kampuni yetu, hata kama zimejazwa bila kosa. Ziletwapo, hurudishwa. Kampuni iliyojiunga lakini ikalazimika kutumia karatasi kwa sababu maalumu, ipo fomu ya ridhaa ya kuambatanisha, ingawa sijapata kuihitaji.

Pamoja na PROOF nilijiandikisha kwenye huduma ya kufuatilia kampuni, ambayo nayo ni ya bure, na ambayo hutuma barua pepe kila nyaraka inapoingia kwenye faili ya kampuni uliyoichagua. Hizi mbili ninaziona kama kufuli na mbwa: moja huzuia na nyingine hubweka. Barua pepe hunifikia mara nyingi usiku, kwa kuwa sisi tuko mbele ya Uingereza kwa saa 2 au 3 kutegemea majira yao, na nimejizoeza kuzisoma kabla ya kulala. Ninawafuatilia pia wateja wetu wakubwa wawili kwa njia hiyohiyo. Sheria haikatazi, na ukimdai mtu si vibaya kujua anapohama ofisi.

Tathmini ya kufuli ni kulijaribu, na letu lilijaribiwa bila sisi kukusudia. Mwaka 2022 tuliamua kumteua mke wa mpwa wangu kuwa katibu wa kampuni, na mpwa akalifikisha jambo hilo kwa mtunza vitabu waliyekuwa wakimtumia huko, mtu wa makamo anayeiamini karatasi kuliko kompyuta. Yule bwana, kwa nia njema kabisa, akaichapa fomu AP03, akaijaza kwa wino mweusi, akaipeleka posta. Baada ya muda bahasha ikarudi kwenye ofisi iliyosajiliwa ikiwa na maelezo kwamba kampuni hii imejiunga na PROOF na kwa hiyo taarifa hiyo iwasilishwe mtandaoni. Mpwa wangu alinipigia simu akiwa amekasirika kidogo.

"Shikamoo mjomba. Mbona wametukatalia fomu yetu wenyewe?"

"Marahaba. Wamekukatalia wewe leo, ndiyo maana nina hakika watamkatalia na mwizi kesho."

Nilikaa kwenye mashine, nikaingiza uteuzi ule kwa dakika 10, na kabla ya wiki kwisha jina la mkwe wetu lilikuwa limekwishaonekana daftarini. Fomu ile iliyorudishwa ninayo hadi leo kwenye faili, na huwaonyesha vijana wanaokuja kujifunza kazi kwangu, kwa sababu ni nadra kupata ushahidi wa karatasi kwamba kinga ya mtandaoni inafanya kazi.

Sasa nifike kwenye udhaifu, na udhaifu ulio mkubwa kuliko yote si wa Cardiff. PROOF huufunga mlango wa posta, na kwa kufanya hivyo huiacha ile namba ya siri ya herufi na tarakimu 6 ikiwa ndiyo ufunguo pekee wa nyumba. Anayeijua anaweza kuingia na kubadili mambo mengi, na mfumo utaamini kwamba ni wewe, kwa kuwa ulikwisha kukubali katika masharti kwamba namba hiyo ni saini yako. Mpwa wangu alipoipokea bahasha kwa mara ya kwanza aliifungua, akaipiga picha, na kuiweka kwenye kundi la WhatsApp la familia lenye watu 43, akiandika chini yake, "Mjomba, namba ndiyo hii." Shangazi mmoja wa Kyela akajibu, "Hongereni sana." Sikupata usingizi. Asubuhi yake niliingia na kuibadilisha namba ile kupitia akaunti, jambo ambalo mfumo unaruhusu, kisha nikamwandikia mpwa barua ndefu ambayo mama yake ananilaumu kwayo mpaka sasa.

Jambo jingine linalostahili kuangaliwa ni mahali bahasha inapokwenda. Kampuni ndogo nyingi, hasa zile ambazo wakurugenzi wake wanaishi nje ya Uingereza kama mimi, hutumia anwani ya ofisi ya uhasibu au ya wakala kuwa ofisi iliyosajiliwa. Bahasha yenye namba ya siri hufunguliwa na karani wa huko, huskaniwa, hutumwa kwa barua pepe, na nakala hubaki kwenye mashine ambayo hujui nani anaitumia baada ya saa za kazi. Sisi tulikuwa katika hali hiyohiyo kwa mwaka mzima wa kwanza. Ofisi tuliyokuwa nayo wakati huo, ambayo sitaitaja, ilikuwa ikizihifadhi namba za wateja wake wote kwenye jedwali moja lisilo na nywila, na niligundua hivyo pale waliponitumia kwa bahati mbaya ukurasa mzima badala ya mstari wetu. Nilizifuta namba za wenzangu, nikawaandikia waliohusika, na siku iliyofuata nikaanza kutafuta anwani nyingine.

Aidha, msomaji asidhani kwamba PROOF huzuia kila aina ya ulaghai unaohusu kampuni. Haimzuii mtu kusajili kampuni mpya yenye jina linalokaribiana na lako, wala haimzuii kuitumia anwani yako kusajilia kampuni yake. Haimzuii mkurugenzi halali, mwenye namba halali, kumwondoa mwenzake wanapogombana; kwa ugomvi wa namna hiyo mwamuzi ni mahakama, na nimeona kampuni za ndugu zikifikia huko hata bila mtandao kuwapo. Orodha ya fomu zinazolindwa ina mwisho, na fomu zisizokuwamo huendelea kupokelewa kwa taratibu zake za kawaida.

Wapo wanaouliza kama huduma hii bado ina maana baada ya sheria za Uingereza kubadilika, na swali hilo nimelipima kwa makini kwa sababu mabadiliko yenyewe ni makubwa. Sheria ya Uhalifu wa Kiuchumi na Uwazi wa Makampuni, iliyoidhinishwa Oktoba 2023, ilimtoa msajili kwenye nafasi ya mpokeaji tu. Kuanzia tarehe 4 Machi 2024 alipata mamlaka ya kuhoji taarifa anazoletewa na kuzikataa, kila kampuni ikatakiwa kuwa na anwani ya barua pepe iliyosajiliwa, na sanduku la posta likaacha kukubalika kuwa ofisi iliyosajiliwa. Kipengele hiki cha mwisho kilinichekesha kidogo, kwa maana mtu wa Mbeya akiulizwa anwani hutaja S.L.P. kabla hajataja mtaa, na nilimweleza mpwa wangu kwamba kwa kipimo hicho ukoo wetu mzima hauna makazi.

Kubwa zaidi ni uthibitisho wa utambulisho, ambao ulianza kwa hiari tarehe 8 Aprili 2025 na kuwa wa lazima kuanzia tarehe 18 Novemba 2025, wakurugenzi waliokuwapo wakipewa kipindi cha mpito cha miezi 12 kulingana na tarehe ya taarifa ya kila mwaka ambayo kampuni huthibitisha kwayo kwamba yaliyomo daftarini ni sahihi. Niliutimiza nikiwa hapahapa Uhindini, kwa kutumia simu yenye uwezo wa kuisoma chipu iliyomo ndani ya pasipoti yangu ya kielektroniki, na nikapewa namba binafsi yenye herufi na tarakimu 11, ambayo ni yangu mimi na haihusiani na ile ya kampuni. Mara ya kwanza simu iliikataa chipu, na mara ya pili pia. Mara ya tatu niliivua simu kava lake la ngozi, ikasoma. Pasipoti za zamani zisizo na chipu hazina nafasi kwenye njia hiyo, na mwenye nayo atalazimika kutafuta njia nyingine.

Pamoja na hayo yote bado ninaishauri kampuni yoyote yenye mguu Uingereza ijiunge na PROOF. Mamlaka ya msajili kuikataa taarifa ya uongo hutegemea mtu au mashine iishuku kwanza, ilhali fomu ya karatasi kwa kampuni iliyojiunga hukataliwa kwa sababu tu ni karatasi, bila kuhitaji mtu yeyote kuwa mwerevu siku hiyo.

Nikirudi nyumbani, wateja wangu wengi wa Mbeya, Iringa na Njombe hawana kampuni Uingereza, na huniuliza haya yote yanawahusu vipi. Yanawahusu kwa sababu kwetu karatasi imepungua kwa njia tofauti. BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni hapa Tanzania ulioanzishwa mwaka 1999, ulihamishia usajili wa makampuni kwenye Mfumo wa Usajili kwa Njia ya Mtandao mwaka 2018, na kampuni zilizosajiliwa kabla ya hapo zikatakiwa kuhuisha taarifa zao humo. Kwa sisi tulio kilomita zaidi ya 800 kutoka Dar es Salaam faida yake haihitaji maelezo: nakumbuka tukipanda basi la usiku na bahasha kifuani ili kupeleka fomu ya kubadili anwani. Kinga yetu imejengwa juu ya kitambulisho cha taifa. Anayefungua akaunti huingiza namba yake ya NIDA yenye tarakimu 20, hujibu maswali yanayotokana na taarifa alizoziandikisha, na baada ya kujaza taarifa za kampuni huipakua fomu, wahusika huisaini, wakili huithibitisha panapotakiwa, kisha huskaniwa na kupakiwa, na malipo hufanyika kwa namba ya malipo kupitia benki au simu. Kwa hiyo Tanzania ilianza kumuuliza mkurugenzi "wewe ni nani" miaka kadhaa kabla Uingereza haijafika huko, na jambo hilo nililisema kwa fahari mbele ya mpwa wangu, ambaye hupenda kutuona tuko nyuma.

Hata hivyo, ufunguo kwetu nao huzagaa, na huzagaa kwenye stesheneri. Mteja wangu mmoja wa Mafinga, mfanyabiashara wa mbao, alisajili kampuni yake kwa kijana wa stesheneri moja ambayo sitaitaja. Mzee hakuwa na barua pepe, kwa hiyo kijana akaifungulia kampuni akaunti kwa barua pepe yake mwenyewe na namba yake ya simu. Maswali ya utambulisho mzee aliyajibu kwa sauti, mbele ya watu watano waliokuwa wakisubiri kutoa kopi, akitaja shule ya msingi aliyosoma na mengine yote. Cheti kilitoka, kikawekwa kwenye fremu, na kazi ikaendelea kwa miaka mitatu. Alipotaka kuhamishia ofisi Makambako ili awe karibu na wateja wanaopita kuelekea Njombe na Songea, ndipo alipogundua kwamba hana njia ya kuingia kwenye kampuni yake. Kijana alikuwa ameacha kazi na kuhamia Dodoma. Tulimpata kupitia kanisani kwao, akabembelezwa, akatumiwa fedha ya kifurushi, na akatoa nywila bila ubaya wowote.

"Kijana yule ni mwaminifu," mzee aliniambia.

"Mzee wangu, uaminifu wake siupingi. Ninauliza simu yake aliiuza kwa nani."

Alinyamaza, kwa sababu kweli simu ilikuwa imeuzwa, Mashine Tatu, Iringa, mwaka uliotangulia.

Ndiyo maana ninapomwandalia mteja usajili siku hizi hukataa kuanza kabla hajawa na barua pepe yake mwenyewe na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake, na wapo walioniacha wakaenda kwa jirani anayemaliza kazi kwa nusu siku. Nakala za vitambulisho ninazobaki nazo huzifungia kabatini, na hilo nililifanya hata kabla ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kututaka tuwe waangalifu. Maswali ya utambulisho nayo humfaa zaidi mtu anayeishi mbali na kwao. Hapa kwetu, shule uliyosoma inajulikana na kijiji kizima, na anayetaka kukuibia huenda mlikaa dawati moja. Hilo la PROOF la kutuma namba kwa posta kwenye ofisi ya kampuni lingetushinda, kwa kuwa barua kwetu haziletwi mlangoni, lakini ile barua pepe inayomjulisha mwenye kampuni kila nyaraka inapoingia kwenye faili lake ningependa kila mfanyabiashara wa nyanda hizi awe nayo, tena kwa ujumbe wa simu, kwa Kiswahili.

Kwa mizani ya nyota 5, PROOF ninaipa 4. Ni ya bure, hujiunga kwa robo saa, na imetukatalia sisi wenyewe bila kupepesa, jambo ninalolihesabu kuwa sifa. Nyota moja nimeizuia kwa sababu ya ile bahasha: huduma inayoikataa karatasi kwa kila kitu kingine bado huukabidhi ufunguo wake mkuu kwa karatasi, kwa posta, kwenye anwani ambayo mara nyingi si ya mwenye kampuni. Ofisi yetu iliyosajiliwa sasa iko kwenye ghala letu wenyewe la Leicester, bahasha za Cardiff hufunguliwa na mkwe wetu peke yake, na namba hunisomea kwa simu, herufi moja moja, nami huziandika kwenye daftari la bluu lililo ndani ya sefu aliyoniachia marehemu baba. Kundi la familia limeambiwa kwamba mambo ya kampuni hayaongelewi humo. Shangazi wa Kyela bado huandika "hongereni sana" kila mpwa anapotuma picha ya kontena.